Baada ya intavyuu: Tushukuru kwa kalamu, si kwa bahasha

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa walimwengu wote, ambaye riziki za viumbe vyote zimo mikononi mwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaonekana dogo, na huenda mtu akajiuliza limefikaje kwenye safu ya dini. Kijana wetu ameitwa kwenye usaili wa kazi, au intavyuu kama tulivyozoea kuita. Ameamka alfajiri, ameswali, amepanda daladala kutoka Mbagala mpaka Posta, bahasha yake ya kaki mkononi. Ameingia, ameulizwa maswali, ametoka. Je, baada ya hapo ana deni lolote kwa wale waliomsaili? Anatakiwa awaandikie kuwashukuru, au akae nyumbani akisubiri simu?

Katika nchi kama Marekani ni desturi iliyozoeleka kwamba mtu akishasailiwa huandika barua fupi ya shukrani, aghalabu siku hiyo hiyo au siku ya pili yake. Vijana wetu wa mijini wameanza kuisoma habari hii kwenye intaneti na kuisikia kwenye semina za ajira, na wamegawanyika makundi matatu. Wapo wanaoikataa kwa kusema huo ni uzungu. Wapo wanaoiona kuwa ni kujikomba kwa wakubwa. Na lipo kundi la tatu, ambalo ndilo la hatari zaidi, linaloipokea kwa furaha kwa sababu limeielewa vibaya. Kwa kundi hili, kumshukuru bosi maana yake ni kumpelekea chochote.

Makundi yote matatu yanahitaji kujibiwa, na jibu tulitafute katika Uislamu.

SI UZUNGU

Tuanze na wanaosema kuwa huu ni uzungu. Wanazuoni wa fiqhi wametufundisha kwamba katika ibada hatuongezi wala hatupunguzi, lakini katika mambo ya ada na miamala asili yake ni ruhusa mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Barua ni chombo tu. Nabii Sulayman (A.S.) alimpelekea barua Malkia wa Sabaa, na Suratun-Naml, aya ya 30 na 31, inatuonesha kuwa ilikuwa barua fupi, iliyofunguliwa kwa jina la Allah na kwenda moja kwa moja kwenye makusudio. Mtume wetu (S.A.W.) naye aliandikisha barua kwa wafalme wa zama zake. Kwa hiyo kuandika barua yenye adabu si jambo tulilolikopa Ulaya.

Ama kushukuru, hilo ndilo letu kabisa. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.) na kuandikwa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Tuizingatie hadithi hii. Imesema watu. Haikusema ndugu zako, wala Waislamu wenzako, wala waliokupa ulichokitaka. Na katika Suratu Luqman, aya ya 14, Allah (S.W.) ameamrisha ashukuriwe Yeye na washukuriwe wazazi wawili. Kumshukuru kiumbe kwa haki yake, basi, hakupunguzi tauhidi ya mtu. Ni sehemu ya kumshukuru Muumba aliyempitisha kiumbe huyo kwenye njia yako.

Atatokea mtu aseme: kwani hawa wamenifanyia nini hata niwashukuru? Wamekaa kwenye kiti wakaniuliza maswali, na kwa kazi hiyo wanalipwa mshahara. Ndugu yangu, mwalimu wa mwanao analipwa, muuguzi wa zahanati analipwa, na kondakta wa daladala umempa nauli yako mwenyewe, lakini ukishuka salama unamwambia ahsante. Mshahara haufuti haki ya mtu kushukuriwa. Hawa wasaili walikuwa na lundo la maombi mezani. Walichukua la kwako, wakalisoma, wakakuita, wakakaa nusu saa wakikusikiliza. Wengi walioandika barua kama yako hawakupata hata hiyo nusu saa.

Wengine hupata uzito pale jopo la usaili linapokuwa la watu wasio Waislamu. Hapa nako Mtume (S.A.W.) ametuwekea mfano. Aliporudi kutoka Taif, baada ya kufariki ami yake Abu Talib, aliingia Makka chini ya hifadhi ya Mut'im bin Adiyy, mtu ambaye hakusilimu mpaka anakufa. Wema ule Mtume hakuusahau. Katika Sahihi Bukhari imekuja kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili Hijria, Mtume alisema lau Mut'im angekuwa hai na akamwombea wale mateka, angewaachia huru kwa ajili yake. Mut'im alikwishakufa, na shukrani yake bado ilikuwa hai kifuani mwa Mtume. Ni vipi basi sisi tushindwe kumwandikia mistari mitano afisa utumishi kwa sababu ya jina lake?

KISA CHA MADYAN

Tusome kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul-Qasas, kuanzia aya ya 23 mpaka ya 28. Mara nyingi tunakisoma kisa hiki kama habari ya ndoa, lakini ndani yake mna habari ya ajira.

Musa amefika Madyan akiwa mkimbizi. Hana kazi, hana nyumba, hana ndugu. Anakuta kisimani watu wananywesha mifugo yao, na pembeni wapo wanawake wawili wamezuia wanyama wao, wanasubiri wachungaji waondoke. Akawanyweshea. Hakudai ujira. Akarudi kivulini, na haja yake akaipeleka kwa Mola wake, kwamba yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Baada ya hapo akaja mmoja wa wale wanawake, akitembea kwa haya, akamwambia kuwa baba yake anamwita ili amlipe kwa kuwanyweshea. Mzee yule, ambaye Qur'an haikumtaja jina, angeweza kunyamaza. Kijana ni mgeni, hajadai kitu, na wanyama wamekwishakunywa. Lakini alimtuma binti yake amwite. Musa alipofika akasimulia habari zake, na mzee akamtoa hofu. Ndipo binti akamshauri baba yake amwajiri, kwa hoja kwamba mbora wa kumwajiri ni mwenye nguvu na mwaminifu. Mzee akaeleza masharti yake waziwazi, miaka minane, na akitimiza kumi ni kwa hiari yake, na akasema hataki kumtia mashakani.

Yapo mafunzo mengi hapa, nasi tuchukue matatu. La kwanza, shukrani ilipelekwa bila kucheleweshwa, na ilipelekwa kwa haya. La pili, aliyeanza kushukuru alikuwa ni mwenye mali, si mtafuta kazi. La tatu, kilichomfanya Musa aajiriwe ni nguvu na uaminifu wake, yaani uwezo wa kazi na amana. Shukrani ilifungua mlango wa mazungumzo, lakini haikuchukua nafasi ya sifa.

Hili la tatu tulishike sana. Barua ya shukrani haimpi kazi asiyeijua kazi. Kijana anayedhani kwamba ameshindwa maswali lakini atajikomboa kwa barua tamu, huyo anajidanganya. Tena sifa za kupitiliza zina karaha katika dini yetu. Katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Miqdad (R.A.), Mtume (S.A.W.) ameamrisha wanaokithirisha kuwasifu watu watupiwe mchanga usoni. Ukimwandikia meneja kwamba hujapata kuona kiongozi mwenye hekima kama yeye, nawe umekaa naye dakika ishirini tu, huo ni uongo, na uongo hauwi shukrani kwa kuandikwa vizuri.

"AHSANTE" ILIYOGEUZWA JINA

Sasa tuje kwa kundi la tatu, na hapa ndipo penye msiba wetu.

Katika miji yetu neno ahsante limeharibiwa. Mtu anaambiwa, "Mambo yako yameenda vizuri, sasa usinisahau." Anaulizwa, "Ahsante yangu iko wapi?" Neno alilolifundishwa mtoto na mama yake apewapo kipande cha muhogo, leo ofisini lina maana ya noti ndani ya bahasha. Tumelipa jina la chai, tumelipa jina la kitu kidogo, na sasa tumelivika jina la shukrani ili dhamiri zetu zilale.

Tumewahi kuliona hili hata katika siasa za nchi yetu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, vikaingizwa vifungu vya takrima. Takrima ni neno zuri lenye asili ya kumkirimu mgeni, lakini likatumika kuhalalisha wagombea kuwapa wapiga kura vitu wakati wa kampeni. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ya Tanzania ilivitengua vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Jina zuri halikuweza kulisafisha jambo lenyewe.

Karne 14 zilizopita Mtume (S.A.W.) alilimaliza suala hili. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Humayd as-Saidiy (R.A.) habari ya mtu aliyeitwa Ibn Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporudi alitenganisha mali, akasema hii ni yenu, na hii nimepewa zawadi. Mtume alikasirika, akapanda juu ya mimbari, akahoji ni kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfuata huko.

Swali hilo la Mtume ndiyo mizani yetu. Kijana anayetaka kumpelekea msaili mbuzi, kitenge cha mke wake au "vocha kidogo ya simu", ajiulize: lau mtu huyu asingekuwa kwenye lile jopo, ningempelekea? Kama jibu ni hapana, basi hiyo si shukrani. Ni rushwa, na katika hadithi ya Abdullah bin Amr (R.A.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji na mpokeaji wote wawili. Wala tusijifariji kwamba zawadi imetolewa baada ya usaili kwisha. Majina hayajatangazwa, na hata yakitangazwa, msaili huyo kesho atawasaili wengine, nao watakuwa wamesikia kuwa anapokea.

Wapo pia wanaodai shukrani ya aina nyingine kwa dada zetu. Binti anatoka kwenye usaili, jioni anapigiwa simu na mmoja wa wasaili akimwambia kuwa wakutane mahali "washukuriane". Dada yangu, mtu huyo hukudaiwi chochote. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu ajira. Usijibu kwa barua ya adabu, na wala usikae na siri hiyo kwa kuona haya. Waambie wazazi wako, hifadhi ujumbe aliokutumia, na upeleke habari TAKUKURU. Riziki ya Allah haikai mlango mmoja na haramu.

Kwa hiyo tunapomhimiza kijana ashukuru, tunamhimiza ashukuru kwa maneno matupu, yaani yasiyobeba kitu. Usama bin Zayd (R.A.) amepokea, na hadithi ipo kwa Tirmidhi, kwamba mwenye kutendewa wema akamwambia aliyemtendea "jazaakallahu khayran" huyo amefikia ukomo wa kushukuru. Dua inatosha. Mwenye kuona kuwa haitoshi mpaka iongezewe noti, huyo ana jambo jingine.

BARUA YENYEWE IWEJE

Sasa tuseme kwa vitendo, maana vijana wetu wanahitaji mambo wanayoweza kuyafanya.

Andika mapema, siku hiyo hiyo au kesho yake. Tumia njia ile ile waliyoitumia kukuita. Kama walikuita kwa barua pepe, jibu kwa barua pepe. Kama huna anwani yao, andika kwenye karatasi safi, uiache mapokezi. Usitafute namba binafsi ya mwenyekiti wa jopo kwa watu wake wa karibu, na usimtumie ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku. Hiyo ni kumwingilia mtu faraghani, nasi tumefundishwa katika Suratun-Nur kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu.

Barua iwe fupi. Mtaje unayemwandikia kwa jina au cheo sahihi, taja kazi uliyosailiwa na siku yake, shukuru, kisha utaje jambo moja la kweli lililotokea katika mazungumzo. Kama uliahidi kuleta cheti au nakala fulani, itekeleze ahadi hapo. Usiulize mshahara. Usieleze shida za nyumbani. Usinakili barua ya mtu mwingine kutoka kwenye intaneti na kubadilisha jina tu.

Kwa mfano, aliyesailiwa kwa kazi ya utunzaji wa ghala anaweza kuandika hivi:

"Ndugu Afisa Utumishi, habari za kazi. Nakushukuru wewe pamoja na wajumbe wa jopo kwa kunipa nafasi ya kusailiwa jana Jumanne kwa kazi ya mtunza ghala. Nimefaidika na maelezo mliyonipa juu ya namna mnavyohakiki mali kila mwisho wa mwezi. Nimeambatanisha nakala ya cheti changu cha uhasibu kama nilivyoahidi. Kwa uamuzi wowote mtakaoufikia, nashukuru kwa muda wenu, na namwomba Mungu awabariki katika kazi zenu."

Inatosha. Ukiwa na hakika kuwa unayemwandikia ni Muislamu, anza kwa salamu. Huna hakika, "habari za kazi" ni heshima tosha.

Kwa upande wa kazi za serikali, uangalifu unahitajika. Usaili wa watumishi wa umma unasimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, iliyoundwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, ili kuwe na utaratibu mmoja ulio wazi. Hapo usianze kumtafuta mjumbe mmoja mmoja umwandikie, hata kama nia yako ni safi, kwani utamtia mtu katika tuhuma. Washukuru pale pale kabla hujatoka chumbani, kwa sauti inayosikika na kwa uso mkunjufu. Kisha waombee dua. Shukrani imekamilika.

KIPIMO NI SIKU YA KUKOSA

Ndugu msomaji, kushukuru kabla ya majibu ni rahisi, kwa sababu tamaa ingalipo. Kipimo kinakuja pale majina yanapotangazwa na lako halimo.

Hapo ndipo ulimi hufunguka. Yule aliyekuwa akiandika "nawashukuru sana" wiki iliyopita, leo anasema barazani kwamba kazi zina wenyewe, kwamba walikuwa na mtu wao tangu mwanzo. Inawezekana ni kweli. Dhulma ipo, kujuana kupo, na hatutamwambia mtu aliyedhulumiwa amshukuru aliyemdhulumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, ukiwemo wa dini na wa jinsia, na kinga hiyo inamfikia hata mwombaji wa kazi. Mwenye ushahidi aupeleke mahali panapohusika. Lakini ushahidi ni kitu kimoja na hasira ni kitu kingine. Katika Suratul-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kuiendekeza dhana, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Kukosa peke yake hakuthibitishi kwamba umeonewa. Huenda amepita aliyekuzidi.

Tunashauri basi, kwa anayeweza, aandike barua ya pili baada ya kujibiwa kuwa amekosa. Mistari mitatu tu: nimepokea majibu yenu, nawashukuru kwa kunisikiliza, nawatakia kheri. Barua hii haina masilahi ndani yake. Hakuna atakayesema unajikomba, kwa sababu hakuna tena cha kujikombea. Hiyo ndiyo inayoonesha kuwa ile ya kwanza nayo ilitoka moyoni. Aliyeandika ya kwanza na akatukana baada ya majibu, ameonesha kwamba hakuwa akishukuru. Alikuwa akiomba.

Na jambo hili linamfaa mwandishi mwenyewe kabla ya kumfaa mwajiri. Kijana aliyekosa mara ya tano anaingia katika hatari ya kuwachukia watu, kisha kulichukia fungu aliloandikiwa na Mola wake. Tumeahidiwa katika Suratu Ibrahim, aya ya 7, kwamba tukishukuru tutazidishiwa. Na katika hadithi ya Suhayb (R.A.) kwa Muslim tumefahamishwa kuwa jambo la muumini lote ni kheri, akipata hushukuru na akisibiwa husubiri. Barua ya pili imekusanya yote mawili. Mtu anasubiri kwa alichokosa, hapo hapo anashukuru kwa alichopewa, japo ni nusu saa ya kusikilizwa.

WALIOSAHAULIKA

Kuna watu ambao hatuwafikirii kabisa tunapozungumzia shukrani baada ya usaili. Ni nani aliyekukatia tangazo la kazi gazetini? Ni nani aliyekuazima viatu? Mama aliyeuza vitumbua ili upate nauli, kijana wa steshenari aliyekuchapia wasifu wako kwa mkopo, mwalimu aliyekubali jina lake liandikwe kama mdhamini, mlinzi wa getini aliyekuelekeza ghorofa. Hawa hawana kazi ya kukupa, na pengine ndiyo maana hatuwakumbuki.

Katika Suratu Yusuf, aya ya 42, Nabii Yusuf (A.S.) alimwomba mwenzake wa gerezani, aliyekuwa anatoka, amtaje kwa bwana wake. Yule bwana alipotoka na kurudi kazini alisahau, na Yusuf akabaki gerezani miaka kadhaa. Alikumbuka siku mfalme alipopata shida ya ndoto. Wengi wetu ni kama yule bwana. Tukishaingia ofisini na kupewa meza, tunamsahau aliyetushika mkono tulipokuwa chini. Tunamkumbuka tukiwa na shida tena. Na tuutazame ukarimu wa Yusuf, ambaye alipofuatwa baadaye alifasiri ile ndoto bila kumlaumu mtu.

Kwa hiyo siku unapomwandikia afisa utumishi barua, piga simu nyingine mbili au tatu. Mwambie mdhamini wako kuwa umesailiwa na unamshukuru. Mwambie mama. Na ukipata kazi, warudie kabla hata ya mshahara wa kwanza.

NA NYINYI WAAJIRI

Mwisho tuwageukie waajiri, wakiwemo viongozi wa shule zetu za Kiislamu, zahanati zetu na taasisi zetu. Mnamtaka mwombaji afike saa mbili kamili, avae nadhifu, ajibu kwa adabu na alete nakala tano za vyeti. Yeye anatimiza. Kisha nyinyi hamjibu. Unapita mwezi, inapita miezi mitatu, hana habari kama amepata au amekosa. Amekataa kibarua kingine kwa sababu anawasubiri.

Katika Suratul-Mutaffifin, aya ya 1 mpaka ya 3, Allah (S.W.) amewaonya wanaojipimia kamili wapokeapo na kupunguza wawapimiapo wengine. Mizani si ya sukari na mchele peke yake. Na katika Suratun-Nisaa, aya ya 86, tumeamrishwa tukiamkiwa kwa maamkizi tuitikie kwa yaliyo bora kuliko hayo, au tuyarejeshe kama yalivyo. Mtu aliyekuandikia kukushukuru amekuamkia. Mjibu. Kama kazi amekosa, mwambie amekosa, na umshukuru kwa kuja. Mzee wa Madyan hakusubiri Musa amfuate. Alimtuma mtu akamwite.

Aidha mwajiri mwenye kumcha Mungu hasubiri kushukuriwa. Waja wema waliotajwa katika Suratul-Insan, aya ya 9, hulisha chakula na hawataki malipo wala shukrani kutoka kwa waliowalisha. Msaili atakayemkata mtu jina kwa sababu hakuleta barua, amedhulumu. Mwenye kusailiwa anadaiwa kushukuru, na msaili anatakiwa asidai. Kila mmoja akilishika lake, bahasha haitapata pa kupita.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu riziki za halali kutoka wasikotazamia, awape subira wanaokosa na kinaa wanaopata, azitakase ofisi zetu kutokana na rushwa kwa majina yake yote, na atujaalie ndimi zinazoshukuru katika kupata na katika kukosa. Amin.

Wabillahi tawfiq.